Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mate ya koko

Mheshimiwa Waziri,

Niliwahi kuwa mkalimani kwenye mradi mmoja wa vinasaba vya wafugaji, huku kwetu Simanjiro. Mtu anapewa kichupa, anatema mate mpaka yafike kwenye mstari. Koko mmoja, yaani bibi mzee kwa Kimaasai, alikishika kile kichupa akacheka. Kwa Wamaasai, ukimtemea mtu mate unambariki. Akaniuliza, "Sasa hapa nambariki nani?" Sikuwa na jibu, wala fomu ya ridhaa haikuwa nalo. Iliandika tu "utafiti wa baadaye", nami nikayatafsiri maneno hayo huku nikitazama chini. Majibu hayajarudi mpaka leo.

Sipingi sayansi hii. Mwaka 2007 mtafiti wa vinasaba Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Watu walinyweshwa sukari ya maziwa, wakatobolewa vidole kupima sukari inavyopanda kwenye damu, kisha vipimo vikalinganishwa na vinasaba vyao. Ikaonekana kwamba badiliko la vinasaba linalowawezesha wafugaji wetu kunywa maziwa ukubwani si lile la Wazungu. Lilizuka huku huku, kivyake. Mwili ulipimwa, haukukisiwa.

Hatua hiyo ya kupima mwili ni rahisi kurukwa. Unasoma jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya mtu, kompyuta inaonyesha kipande kilichoenea upesi kuliko kawaida, na kabila zima linabandikwa sifa. Hata Ulaya yamewakuta: mwaka 2019 uchambuzi mpya ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya ushahidi kwamba watu wa kaskazini walirefushwa na uteuzi wa asili (wenye sifa inayofaa kuacha watoto wengi zaidi) ilitokana na hesabu ambazo hazikutenganisha vizuri watu wa asili tofauti.

Ombi langu, Mheshimiwa, ni kwamba kibali cha utafiti kitaje swali, na ridhaa iishie kwenye swali hilo. Aliyetoa mate kwa ajili ya maziwa asije akachunguzwa akili au ulevi bila kurudiwa na kuulizwa. Wahavasupai, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, walitoa damu kwa ajili ya kisukari, ikatumika hadi kwenye utafiti wa skizofrenia, ugonjwa wa akili; mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kiliwalipa dola 700,000 na kuwarudishia damu yao.

Na mradi usipewe kibali kingine kabla haujasoma majibu ya kwanza kijijini, kwa Kimaasai.

Koko yule bado yupo. Nikimwona mnadani, huwa napitia upande wa mbuzi.

Wako,
Mkalimani wa zamani, Simanjiro