Harambee ya Chumba cha Mazoezi cha Wauguzi Wanafunzi

Ndugu wazazi, wahitimu wetu na marafiki wa chuo,

Muulize mwanafunzi wetu dalili za mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, atakutajia zote bila kusita. Sasa mpeleke wodini, shuka lilowe damu mbele yake, ndugu wa mgonjwa wakiita "Sista! Sista!" Mikono inaganda. Aanze kukanda mfuko wa uzazi? Aite msaada? Atafute mshipa? Kichwa kimesoma, mikono haijawahi kufanya.

Tunaomba mtuchangie chumba cha mazoezi: vitanda vya wodi, midoli ya ukubwa wa mtu, mikono ya plastiki ya kuchomea sindano na kutundikia dripu, na kile kifaa anachojifunga mkufunzi kiunoni akaigiza mama mzazi, damu bandia akiiachia atakavyo. Mdoli wa gharama kubwa, unaopumua na kupepesa macho, hatuuombi. Ukiharibika, nani ataukarabati?

Jambo lenyewe si geni. Hospitali ya Hartford, Marekani, ilianza kufundishia mdoli mwaka 1911, wakauita Mrs. Chase. Mwaka 2014, utafiti mkubwa wa huko huko ulionyesha kuwa hata nusu ya saa za wodini zikifanywa kwa maigizo, wanafunzi huhitimu sawa na wenzao, mradi wakufunzi wameandaliwa na vifaa vinatosha. Sisi hatupunguzi saa za wodini. Tunataka mwanafunzi afike huko akiwa ameshakosea mara kumi, na hakuna aliyeumia.

Faida kubwa huja igizo likiisha. Wanakaa duara, mkufunzi anauliza: "Ulipoona presha inashuka, uliwaza nini?" Ndipo wanapogundua kwamba mfuko wa uzazi ulikandwa vizuri, ila daktari hakuitwa, maana kila mmoja alidhani mwenzake ameshamwita. Hilo huwezi kulisoma kitabuni.

Asiye na fedha ana cha kuleta: kitanda kilichochakaa, nguzo ya dripu, mashine ya presha ambayo bado inafanya kazi. Wauguzi wastaafu, njooni mtuigizie wagonjwa. Mkiwa wasumbufu ndiyo vizuri zaidi.

Ahadi za fedha ziandikishwe kwa mhazini wa kamati. Kila mchango utakatiwa risiti, na orodha ya vilivyonunuliwa itabandikwa mlangoni pa chumba hicho.