Mbio za Shela kwa ajili ya wenye kifafa

Mkomani, Lamu

Mpendwa Amina,

Salaam aleikum. Natumai nyumbani nyote wazima. Barua yako imefika, na mpango wa wenzako wa kazini kuchangisha fedha za wenye kifafa umenifurahisha mno. Ila kuogelea kutoka Shela hadi kisiwa cha Manda, nakusihi, kuacheni. Wawili kati yenu wana kifafa, na mtu akishikwa majini huzama bila hata kelele. Kimbieni pwani: kilomita 5 kwenda, 5 kurudi.

Chagueni siku ambayo maji yanapwa kama saa 1 asubuhi. Mara nyingi huangukia tarehe 10 au 11 ya mwezi wa Kiislamu. Anzeni saa 12 na nusu, mchanga mbichi ukiwa umeshikana. Maji yakijaa mtabaki kwenye mchanga mkavu, na miguu itazama hadi vifundoni. Bamvua nayo, siku za maji makubwa, hupwa kuelekea saa 4, jua limeshawaka.

Usiku wa kuamkia mbio pasiwe na mkesha wa matayarisho. Kukosa usingizi na kuruka dozi huamsha kifafa upesi.

Kila kilomita 2 awepo mtu mwenye saa na maji ya kunywa. Mwenzenu akianguka, mlazeni ubavu na mfagie mchanga karibu na uso, asije akauvuta puani. Msimtie kijiko mdomoni, wala msimbane mikono. Zikipita dakika 5 kifafa hakijamwachia, au akishikwa tena kabla hajazinduka, apelekwe hospitali ya King Fahd kwa boti. Nahodha awe ameshawekwa tayari, na mafuta yamo.

Kuhusu fedha: ahadi za shilingi 100 kwa kilomita hupotea mbio zikiisha, kwa hiyo pokeeni nusu mapema, ziingie moja kwa moja kwenye akaunti ya shirika mnalolichangia, si kwenye simu ya mtu. Fulana za kuchapisha ziacheni, zinakula mchango. Na mwambieni mhazini wa shirika mnataka fedha zilipie dawa za mwaka mzima, hata kama ni kwa wagonjwa 10 tu. Mgonjwa aliyezoea phenobarbital, dawa ya kifafa, akiikosa ghafla, kifafa humrudia kwa nguvu, pengine kwa mfululizo usiokatika. Mgao wa mwezi mmoja kwa watu 100 unaweza kuwadhuru.

Niandikie tarehe mkishaamua, nikutazamie jedwali la maji.

Wako,
Zubeda