Kaka, usimtaje tena Goddard: barua ya wazi kwenda Berlin

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeingoja simu yako tangu arusi ya binti wa Shangazi, na kwa kuwa haikuja, nimeamua kukuandikia hapa, mahali ambapo najua unapita na kusoma hata usipojibu. Maneno uliyomwambia Mjomba siku ile kwa simu ya video, bibi arusi akiwa amekushikia simu ili uione keki, yamenifikia yote. Ulisema kwamba mwenye akili hagawi kazi yake kwa jirani, na ukaleta ushahidi: hata waasisi wa roketi walifichana, Goddard wa Marekani aliwaficha Wajerumani, Wajerumani wakawaficha Waingereza, na kila aliyetoa chake alijuta. Mjomba alicheka tu akaomba azungumze na shemeji, lakini mimi nilijua msemwa ni nani: ni mimi, niliyewapelekea vijana wa Mombasa michoro ya roketi za chupa za kikundi chetu cha Tanga.

Basi, kwa kuwa umeileta historia iwe shahidi wako, niruhusu mimi mdogo wako nimhoji shahidi huyo, maana tulimsoma pamoja na sidhani kama umesahau kiasi hicho.

Kweli, Robert Goddard alikuwa msiri. Andiko lake kuhusu roketi lilipotangazwa na Taasisi ya Smithsonian mapema mwaka 1920, gazeti la New York Times lilimdhihaki kwamba hana hata elimu ya sayansi inayofundishwa shuleni, na mtu aliyechekwa na taifa zima hupunguza maneno, hilo sipingi. Lakini mwaka 1922 kijana mmoja aliyekuwa akisoma Heidelberg, Ujerumani, Hermann Oberth, alimwandikia akiomba nakala ya andiko hilo, na Goddard akamtumia. Mwaka uliofuata Oberth akachapisha kitabu chake mwenyewe, akamtaja Goddard ndani yake, na tangu hapo yule Mmarekani akaishi na shaka kwamba Wajerumani wanamnyemelea. Tarehe 16 Machi 1926 alirusha roketi ya kwanza duniani yenye kutumia mafuta ya kimiminika, katika shamba la Auburn, Massachusetts, lakini taarifa kamili ya jambo hilo hakuichapisha hadi mwaka 1936. Miaka 10, Kaka! Katika miaka hiyo watu wengine walifika kule kule kwa njia yao, na walipofika hawakuwa na deni lolote kwake. Huyo ndiye shujaa wako wa kufunga kabati.

Sasa watazame wale uliowaruka. Mwezi Julai mwaka 1927, katika nyumba ya wageni iliyoitwa Goldenes Zepter mjini Breslau, wakati huo Ujerumani, watu wachache walianzisha Verein für Raumschiffahrt, chama cha safari za anga, na Johannes Winkler akawa mwenyekiti wake wa kwanza na mhariri wa jarida lao, Die Rakete. Hawakuwa na serikali nyuma yao wala fedha ya maana. Walikuwa na jarida na anwani za posta. Mwaka huo huo Moscow wapenzi wa jambo hili waliandaa maonyesho ya vyombo vya kusafiria kati ya sayari, na ukutani hawakumtundika Tsiolkovsky, mwasisi wao wa roketi, peke yake, bali walimpa nafasi Goddard, na Oberth, na Mfaransa Esnault-Pelterie, na Max Valier. Nikolai Rynin wa Leningrad akaanza mwaka 1928 kutoa juzuu baada ya juzuu za ensaiklopidia akikusanya yote yaliyowahi kuandikwa duniani kuhusu safari hizo, kwa lugha yoyote. Esnault-Pelterie na rafiki yake mwenye benki, André Hirsch, waliweka tuzo ya fedha Paris, na mshindi wake wa kwanza, mwaka 1929, hakuwa Mfaransa, alikuwa Oberth. Je, hao nao walikuwa wajinga?

Kisa ninachokipenda, na wewe zamani ulikipenda kunishinda, ni cha Edward Pendray na mkewe Leatrice. Pendray alikuwa mwandishi wa gazeti New York, na Aprili 1930 yeye, David Lasser na wenzao, wengi wao watunzi wa hadithi za sayansi, walianzisha American Interplanetary Society, chama cha Wamarekani cha safari za kati ya sayari, bila hata mmoja wao kuwa amewahi kuiona roketi yenye mafuta ya kimiminika ikiwaka. Mwaka uliofuata mume na mke walikwenda Ulaya kutembea, wakafika Berlin, na Willy Ley, mwanachama wa kile chama cha Wajerumani kilichoanzia Breslau, akawachukua hadi Reinickendorf, kwenye ghala la zamani la risasi ambalo chama hicho kilikuwa kimelipanga na kuliita Raketenflugplatz, uwanja wa roketi. Unapajua, kwa kuwa leo unakaa mwendo mfupi tu kutoka hapo. Wale vijana, wengine wakiwa hawana kazi kwa sababu ya mdororo wa uchumi, waliwaonyesha wageni injini ndogo ikichoma petroli na oksijeni ya kimiminika, huku watazamaji wamejikinga nyuma ya ukuta. Hawakuwauliza ninyi ni nani hata mwone, wala hawakuwadai chochote. Pendray alirudi New York akawaeleza wenzake yote, na roketi yao ya kwanza ikaundwa kwa kufuata yale aliyoyaona Berlin. Waliijaribu ikiwa imefungwa chini Novemba 1932 huko New Jersey, wakaifanyia matengenezo, na tarehe 14 Mei 1933 wakairusha kutoka ufukwe wa Staten Island. Ilipanda kiasi cha mita 75, tangi la oksijeni likapasuka, ikaanguka baharini. Wewe ndiye uliyekuwa ukituchekesha kwa kuigiza sura zao wakati inaanguka.

Ndiyo maana sikuielewa jioni ile barazani kwa Shangazi, na mpaka leo siielewi. Tulikuwa tumetoka uwanjani kurusha roketi yetu ya maji, chupa bado ina majimaji, mabawa ya boksi yamelegea kwa kulowana, pampu ya baiskeli imeegemezwa ukutani. Yule mdogo kuliko vijana wetu wote alikuwa ameketi mkekani ananakili jedwali la vipimo, mara ile chupa ilipojazwa maji theluthi, mara ilipojazwa nusu, na kila urefu iliofikia. Uliuliza ni nani aliyewapelekea vijana wa Mombasa michoro yetu. Nikasema ni mimi, nilimpa kondakta wa basi bahasha, na nikafikiri utauliza kama wameipata. Badala yake uliinama ukalivuta daftari la kijani kutoka chini ya mkono wa yule mtoto, kalamu yake ikachora mstari mrefu ukurasa mzima, ukalitia mkobani, ukafunga zipu. Kisha ukasema, mbele yao wote: “Kazi ya watu si biriani ya arusini, kila apitaye achote.” Ukaenda zako. Mtoto alinitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyemnyang'anya.

Nimeambiwa nisamehe, na mengine yote nimesamehe, pamoja na ile barua ya maombi ya ufadhili uliyoiandika kwa jina lako peke yako. Hilo la kalamu sijaliweza.

Nakushauri basi, kama mdogo anavyoweza kumshauri mkubwa wake kwa adabu, usome tena kilichotokea Wajerumani walipoacha kuandikiana na watu. Ni kweli kwamba mwishoni mwa mwaka 1932 Wernher von Braun, kijana wa Raketenflugplatz, aliingia kufanya kazi ya jeshi huko Kummersdorf, na kwamba Hitler alipokwisha kushika madaraka chama kilikufa na habari za roketi zikawa siri ya dola. Philip Cleator, aliyekuwa ameanzisha British Interplanetary Society mjini Liverpool Oktoba 1933, alikwenda Berlin mapema mwaka 1934 akitumaini kuona yale aliyoyaona Pendray, na akakuta mambo yamekwisha. Kwao nako sheria ya baruti ya mwaka 1875 iliwakataza kurusha chochote, kwa hiyo chama chake kilibaki na kalamu na karatasi tu. Mwezi Januari 1935 Ley aliikimbia Ujerumani. Alipitia Uingereza kwa Cleator, akavuka bahari hadi New York, akapokelewa na Pendray. Hebu fikiri jambo hilo, Kaka: mtu aliyemwonyesha mgeni injini bila malipo alikuja kuokolewa na mgeni yule yule. Angelikuwa amefunga zipu, angelikwenda kwa nani?

Najua utakavyonijibu. Utasema kwamba ukarimu wao ndio uliozaa V-2, kombora la jeshi la Hitler, kwamba kuanzia Septemba 1944 roketi zile ziliwaangukia watu wa London na kuua zaidi ya watu 2,700 nchini Uingereza, na kwamba maelfu ya wafungwa walikufa katika kambi ya mateso ya Dora, Ujerumani, wakizitengeneza. Vifo hivyo sivipunguzi hata kimoja. Lakini tazama mpangilio wa mambo: milango ilifungwa kwanza, mabomu yakaja baadaye. V-2 ilizaliwa gizani, kwa fedha ya jeshi, miaka 10 baada ya mtu yeyote kuweza kupiga hodi Reinickendorf na kukaribishwa ndani. Kuwalaumu waliochapisha jarida kwa makosa ya waliolifunga ni dhuluma, na ni dhuluma unayoipenda kwa sababu inakufaa dhidi yangu.

Na baada ya vita? Hapo ndipo ninapotaka ukae chini. Mwaka 1949 chama cha Wajerumani cha Stuttgart kilipendekeza vyama vyote vya nchi mbalimbali viungane, na Waingereza, ambao baadhi yao walikuwa wamelala chini ya milio ya roketi zile, walikubali kuketi nao. Mkutano wa kwanza ulifanyika Paris kuanzia tarehe 30 Septemba 1950. Wa pili ulifanyika London, Septemba 1951, ukazaa Shirikisho la Kimataifa la Safari za Anga, na rais wao wa kwanza akawa Eugen Sänger, mhandisi ambaye wakati wa vita alichora ndege ya roketi ya kuishambulia Marekani. Wamarekani walikuwemo katika shirikisho hilo. Wakati huo ilikuwa imepita miaka 6 tu tangu V-2 ya mwisho kuanguka. Sisi tumegombania jedwali la chupa ya maji, na hujanijibu hata salamu ya Idi.

Katika habari hii yumo mtu mmoja ninayemwonea huruma kwa ajili yako. Mkutano wa Paris uliandaliwa na Alexandre Ananoff, mzaliwa wa nchi ya Georgia aliyehamia Ufaransa, mtu aliyehubiri safari za anga miaka mingi wakati Paris nzima ilikuwa ikimwona mwehu. Aliwaita, wakaja. Uongozi ulipogawanywa, kiti kikuu hakikuwa chake. Hatimaye aliziacha roketi kabisa, akageukia sanaa, akawa mtu wa kuorodhesha michoro ya Fragonard na Boucher, wachoraji wa Kifaransa wa zamani. Kila nikimsoma Ananoff nakuona wewe, kwa sababu kikundi kile uliita wewe, pampu ulinunua wewe kwa mshahara wako wa kwanza, na hakuna kijana wa Tanga aliyejua mapezi ya roketi hukaa wapi kabla yako. Hayo niliyasema Mombasa, niliyaandika juu ya ile bahasha, na jina lako lilitangulia langu. Ungeniuliza ningekwambia. Hukuuliza. Na usiseme sikuwa na ruhusa, kwa maana ruhusa ya nani, wakati nusu ya vipimo vile nilivipima mimi nikiwa nimesimama juani na kipimapembe cha shule huku wewe ukipampu?

Wala usinitajie Malindi, jinsi Waitaliano walivyorusha satelaiti kutoka jukwaa la San Marco mwaka 1967, eti ushirikiano wa kweli ni wa wakubwa na mikataba yao. Mikataba inahitajika, lakini ushirikiano haukuanza nayo. Agosti 1955, wakati Marekani na Urusi zilipokuwa kila moja inajigamba kwamba itapeleka satelaiti, Leonid Sedov, mwanasayansi wa Kisovieti, alitokea Copenhagen kwenye mkutano wa shirikisho lile lile la wapenzi, wajumbe wa Magharibi wakaweza kumpa mkono na kumhoji. Mwaka uliofuata Wasovieti walijiunga. Sputnik, satelaiti ya kwanza ya Wasovieti, iliporuka tarehe 4 Oktoba 1957, watu wa shirikisho walikuwa ndio wanakusanyika Barcelona kwa mkutano wa mwaka, na Sedov alikuwa miongoni mwao. Meza ya kumkalisha ilikuwa imekwisha andaliwa na watu wasio na serikali, waliozoeana kwa barua.

Vijana wa Mombasa wanakuja Tanga shule zikifungwa. Wametengeneza kirushio chao kwa bomba la plastiki na valvu ya tairi, nacho ni bora kuliko chetu, na mchoro wake wameniletea bila kuombwa. Nimeuambatisha kwenye barua pepe yako. Kinachowakwama ni pembe za mapezi, na vipimo hivyo vimo katika kurasa za nyuma za daftari ulilonalo, mahali ambapo hakuna aliyewahi kunakili. Zipige picha kwa simu unitumie kabla hawajafika. Wakiuliza nani alipima hizo, nitawaambia ni wewe, kwa sababu siku hiyo nilikuwa naumwa sikuja.

Wako mdogo