Yoga sio ya matajiri wa Masaki tu, sisi wa kukaa kwenye kiti ndo inatuhusu zaidi

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nimjibu mzee mmoja aliyeandika humu kwamba yoga ni ibada ya Wahindi iliyovalishwa nguo za mazoezi, na kwamba wanaoifanya ni wake za matajiri wa Masaki waliokosa kazi. Kwanza shikamoo mzee wangu. Alafu niseme tu mi ni fundi cherehani Buguruni, gari sina, Masaki naendaga kupeleka nguo za wateja, na yoga nafanya karibu kila asubuhi kabla sijafungua fremu. Na kama kuna watu hii kitu inawahusu basi ni sisi, mafundi, madereva wa daladala na bajaji, makarani, wadada wa M-Pesa, yaani wote ambao kazi yetu ni kukaa.

Watu wanadhani kushona ni kazi nyepesi kwa sababu umekaa. Njoo uone fremu ya fundi kumi la mwisho la Ramadhani, kanzu na madera yamepangwa mpaka yanagusa dari, simu inaita kila saa fundi nguo yangu vipi, na wewe uko kwenye kiti cha plastiki shingo imeinamia sindano, mabega yamepanda yanataka kugusa masikio, mguu kwenye pedeli, na hata maji hunywi manake ni mchana wa funga. Ukikaa hivyo miaka na miaka misuli ya mbele ya nyonga inajifupisha, ya makalio inakuwa legelege haina kazi, mzigo wote unaangukia kiunoni. Ndo maana fundi akisimama kumpima mteja hatua mbili tatu za mwanzo anatembea kama bata. Na fungua droo ya cherehani nyingi hapa mtaani, pembeni ya bobini na chaki utakuta vidonge vya maumivu, tena vile vya diklofenaki ambavyo mtu anameza kila siku kama pipi wakati vinachimba vidonda vya tumbo, vinaumiza figo na vinapandisha presha.

Sasa mzee anauliza ushahidi uko wapi. Upo. Mwaka 2017 madaktari wa Boston kule Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa watu 320 wenye maumivu sugu ya kiuno, na wengi wao hawakuwa matajiri, walikuwa watu wa kipato cha chini kama sisi. Wengine walipewa darasa la yoga mara moja kwa wiki kwa wiki 12 na mazoezi ya kufanya nyumbani, wengine wakapelekwa kwa mtaalamu wa viungo wa hospitali, wengine wakapewa kitabu tu cha kusoma. Yoga haikuzidiwa na yule mtaalamu, na waliofanya yoga pamoja na waliokwenda kwa mtaalamu walipunguza kumeza dawa za maumivu kuliko wale wa kitabu. Mwaka huohuo chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kikatoa mwongozo kwamba mtu mwenye maumivu sugu ya kiuno aanze na vitu visivyo dawa kwanza, na yoga ipo kwenye orodha. Hao sio watu wa kuuza mikeka.

Mazoezi yenyewe wala sio kuweka mguu shingoni kama kwenye picha. Unapiga magoti kwenye mkeka viganja chini, ukivuta pumzi unashusha tumbo na kuinua kichwa, ukitoa pumzi unaupandisha mgongo juu na kidevu kinaingia kifuani, taratibu, mara kadhaa, mpaka usikie pingili zinaachia mojamoja. Alafu goti moja linabaki chini mguu mwingine mbele, unasukuma kiuno mbele polepole mpaka nyonga ivutike, na hapo fundi lazima utoe sauti manake ndo palepale kiti kilipokaza. Mwisho unakaa juu ya visigino paji la uso linagusa mkeka, unapumzika. Kuna ya kusimama pia kwa mguu mmoja ambayo kwa wazee ni muhimu kuliko zote kwa sababu inajenga mizani, na shirika la afya duniani WHO wenyewe wanasema mtu wa miaka 65 kwenda juu afanye mazoezi ya mizani na nguvu walau siku tatu kwa wiki ili asianguke. Bibi akivunjika nyonga nyumba nzima inajua.

Ila mi kwa kweli kilichonishika sio kiuno, ni pumzi. Mtu mzima akiwa ametulia anapumua kama mara 12 mpaka 20 kwa dakika, kwenye yoga unafundishwa kupunguza mpaka karibu mara sita, na kutoa pumzi iwe ndefu kuliko kuvuta. Hapa hamna muujiza, jaribu sasa hivi, weka vidole kwenye mshipa wa mkono, vuta pumzi alafu itoe polepole sana, wengi utasikia mapigo yanapunguza kasi wakati unatoa. Kuna neva kubwa inashuka toka kwenye ubongo mpaka kwenye moyo na tumbo, ndo inayoambia mwili tulia hamna simba, na pumzi ndefu inaiamsha. Ukifanya usiku kichwa kinaacha kupiga mahesabu ya nani hajalipa na kitambaa cha nani kimeungua na pasi, usingizi unakuja. Tafiti nyingi zimeona yoga inapunguza wasiwasi na dalili za sonona, ila inasaidiana na matibabu, haichukui nafasi yake, mtu anayewaza kujidhuru apelekwe hospitali asipelekwe kwenye mkeka. Na kodi ya fremu haiishi kwa kuvuta pumzi, tusidanganyane, itabaki vilevile, tofauti ni kwamba unaongea na mwenye nyumba ukiwa umelala vizuri.

Haya, dini. Mi Mwislamu, naswali, na hili nililiuliza kabla hata sijatandika mkeka. Yoga imetoka India na ina mizizi kwenye dini za kule, hilo mzee yuko sahihi na hakuna wa kulikataa. Lakini Baraza la Maulamaa la Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko sisi mara ngapi sijui, mwaka 2009 lilitoa fatwa kwamba yoga yenye kuimba mantra, yale maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, na ibada za Kihindu ni haramu, ile ya mazoezi matupu ruksa. Na Saudia yenyewe 2017 ikaiingiza yoga kwenye shughuli za michezo zinazoruhusiwa. Sasa kama Saudia wamenyoosha viungo Buguruni tunaogopa nini? Usichokiamini usikitamke, basi, mi nahesabu pumzi zangu kwa moja mbili tatu.

Hela nayo sio kisingizio. Mkeka wa ukindu au hata khanga mbili zimekunjwa, suruali pana ndani ya dera, imetosha, hayo mataiti ni biashara ya watu. Video zipo bure ukiwa na bando, ila mwanzoni afadhali mtu akuone, hapa Dar kituo cha utamaduni cha India kinafundisha. Nairobi wametuzidi mbali, kuna Africa Yoga Project toka 2007 wamefundisha vijana wa mitaa ya hali ya chini kama Kibera kuwa walimu wa yoga, imekuwa ajira. Sisi tuna viwanja vya shule vimekaa vitupu Jumamosi nzima.

Tahadhari zipo na magazeti mkiandika mziseme. Mwenye presha ya jicho asisimame kwa kichwa, mjamzito aulize kliniki kwanza, na wewe mwenye presha yoga inaweza kuishusha kidogo lakini dawa usiache, kidogo sio kupona.

Ombi langu Mhariri, kila tarehe 21 Juni ambayo Umoja wa Mataifa waliipitisha kuwa siku ya yoga duniani, nyie mnaweka picha ya mzungu mwembamba kwenye mchanga wa bahari. Mwakani njooni na kamera mtaa wa mafundi, mtoe nusu ukurasa wa picha za mikao minne mitano ya mtu aliyekaa kutwa, mtu akate abandike ukutani juu ya cherehani.

Na wewe mzee wangu, najua magoti ya umri yanasumbua, usiyalazimishe chini. Anzia kwenye kiti kisichoyumba, miguu yote ikanyage sakafu, mkono wa kulia shika goti la kushoto, geuza kiwiliwili taratibu uangalie ukuta wa nyuma, pumua hapo mara tano, rudi katikati, alafu upande wa pili. Mkeka utakuja baadaye ukitaka.

Mama Cherehani,
Buguruni, Dar es Salaam