Aliniacha nimesimama peke yangu

Shikamoo Anti,

Usiku wa tatu huu sijalala, na mume wangu anakoroma. Usiniambie nakuza mambo, dada yangu ameshaniambia inatosha.

Jumapili za mjini unazijua. Kutoka hapa Kimara mpaka Kivukoni ni kusimama kwenye mwendokasi na mtoto mgongoni, ibada ya pili saa nne, matangazo yasiyoisha, halafu mnada wa kuku na ndizi pale nje. Mnafika nyumbani saa tisa mmechoka. Tukakubaliana, tena wazo ni lake: Jumapili moja tu tusali hapa jirani, lile kanisa la turubai, mchana tuangalie muvi. Basi.

Niliandaa kila kitu. Nyama ya pilau nilichemsha Jumamosi usiku. Vitunguu vya kachumbari nikaosha kwa chumvi, nyanya nikaacha mpaka wakati wa kula maana zinatoa maji. Nilimwambia tukae nyuma, mbali na spika, mtoto akilia nitoke. Na nilimwambia wageni watasimamishwa: unataja jina na unakotoka, wanapiga makofi, unakaa. Haifiki dakika. Akasema sawa.

Wageni wakaitwa. Nikasimama. Yeye akainamia simu kama hanijui. Mhudumu akauliza, "Mama, umekuja na nani?" Nikasema na mtoto. Anti, turubai zima lilinigeukia.

Nyumbani akataka muvi kana kwamba hakuna kilichotokea. Ile flash imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, haipokei faili moja linalozidi GB 4, na muvi yake ilikuwa na GB 6. Akaifomati kwa mfumo mwingine, NTFS, faili likaingia, televisheni yetu ya zamani ikagoma kuisoma. Akarudi FAT32 na muvi nyingine ndogo: picha ipo, sauti hamna, kwa sababu sauti yake ni ya aina ya DTS na televisheni ile haiijui. Dawa ni waya wa HDMI kutoka kwenye kompyuta, uko kabatini, chini ya mashuka. Sikusema. Nilimwangalia akihangaika saa nzima. Hilo nakiri. Lakini yeye aliniacha nimesimama.

Si kwamba nataka kuhama. Bahasha zetu za sadaka ziko kule Kivukoni, wazee wa kanisa wanatujua, na mtu asiyeonekana jumuiya unajua maswali yake siku ya msiba. Tena kuhama kunataka barua ya usharika, na mtoto hajabatizwa bado. Ila fomu ya wageni niliijaza, jina, mtaa, namba ya simu, na palipoandikwa "ningependa kujiunga" nikatia vema. Sijui mkono ulikwendaje.

Jana jioni mama mmoja wa pale amenipigia, wanakuja kunitembelea Alhamisi saa kumi na moja. Mume wangu hajui, na Alhamisi huwahi kurudi.

Niwaambie wasije? Au waje wamkute sebuleni, wamuulize wenyewe kama yule wa kiti cha nyuma ndiye mume wangu? Maana mimi nikimuuliza anasema hakusikia wageni wakiitwa, na zile spika tunazisikia mpaka jikoni kwetu.

Mama wa Kimara