Namba iliyo chini ya betri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Najua barua nyingi huanza hivyo zikaishia kwenye barabara mbovu au taka zisizozolewa. Yangu inahusu betri. Mimi ni fundi hapa Ngamiani, Tanga. Nilianza na redio za kaseti, nikahamia televisheni za chogo, na sasa ni mwaka wa 15 natengeneza kompyuta mpakato. Wateja wangu wote huziita laptopu, nami nitaziita hivyohivyo ili tusichelewe.

Mwezi uliopita aliingia binti wa chuo, begi amelikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa. "Shikamoo fundi. Laptopu yangu haifungi." Nikadhani ni bawaba, maana bawaba ndizo zinazotulisha mafundi. Kuiweka mezani ikawa inachezacheza, tumbo limetokeza. Nikabonyeza tachipedi, kile kibao cha kutelezesha kidole, haibonyei, kuna kitu kinaisukuma kutoka ndani. Nikaizima, nikaanza kufungua skrubu za chini, na kabla sijamaliza ya mwisho mfuniko ukaruka wenyewe. Betri imeumuka kama andazi.

Wenzake wa chumbani walikwisha kumhukumu. Unachaji usiku kucha. Unaangalia tamthilia huku imechomekwa. Unaiweka juu ya godoro. Alipofika kwangu alikuwa anaomba radhi, kana kwamba ile laptopu nilimwazima mimi.

Kijana ninayemfundisha kazi akachukua sindano. "Fundi, niitoboe itoe hewa?" Nilimdaka mkono. Nimesimulia hili kwa sababu nimelisikia pia kwa mafundi wazima wenye vibanda vyao. Kilichomo mle si hewa ya mpira wa miguu. Ni gesi inayotoka kwenye kimiminika cha ndani kinapoharibika, na kimiminika chenyewe hushika moto kama spiriti. Betri ya laptopu ni pakiti ya vibetri vidogo viitwavyo seli, na ndani ya kila seli kuna pande mbili zilizotenganishwa na karatasi ya plastiki nyembamba kuliko unywele. Ukichoma sindano umeziunganisha. Umeme wote uliohifadhiwa mle unapita hapo kwa mara moja, seli inachemka, joto lake linaiamsha seli ya pili, ya pili inaiamsha ya tatu. Likishaanza, kuchomoa chaja hakusaidii kitu, maana moto unajilisha wenyewe. Na ukisikia harufu tamutamu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha inatoka kwenye laptopu, iache hapo, toa watu kwanza.

Niliitoa ile betri taratibu kwa kadi ya plastiki, karibu nusu saa, jasho linanidondoka. Halafu nikaigeuza, nikafuta vumbi kwenye kibandiko, nikaiandika namba yake. Hapo ndipo ilipoanza hii barua.

Niliingiza ile namba kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza laptopu, kwa simu yangu hii ya kioo kilichopasuka. Jibu likaja papo hapo: betri hii ni miongoni mwa zile ambazo kampuni yenyewe ilikwisha kuziita zirudi, miaka kadhaa nyuma, kwa kuwa zina kasoro ya kiwandani na zinaweza kupata moto. Mwenye nayo aache kuitumia. Atapewa nyingine bure.

Miaka kadhaa nyuma, Mhariri! Binti alikuwa bado yuko sekondari. Tamthilia zake zinahusikaje?

Kampuni hiyo siitaji, wala si mojawapo ya nitakazozitaja huko mbele, kwa kuwa sikuandika kumshitaki mtu. Na kwa kweli kampuni hizi zote zimepitia humo. Wakubwa watakumbuka mwaka 2006. Juni mwaka ule picha ya laptopu ikiwaka moto mezani, kwenye mkutano huko Osaka, Japani, ilizunguka dunia nzima. Agosti 14 Dell, pamoja na tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa, ikatangaza kuziita betri milioni 4.1. Siku kumi baadaye Apple nao wakaita milioni 1.8. Wakafuata Lenovo, Toshiba, Fujitsu. Majina ya nje yalikuwa tofauti lakini ukivunja pakiti ndani unakuta seli za mtengenezaji mmoja, Sony. Zilikuwa zile za duara, upana milimita 18 na urefu milimita 65, zimelala ndani ya pakiti kama risasi kwenye mkanda. Chembe za chuma, ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, zilikuwa zimeingia wakati seli zinatengenezwa. Chembe ikitoboa ile karatasi ya plastiki, imefanya kazi ya sindano ya kijana wangu. Mpaka mambo yanatulia, hesabu ilikuwa imefika betri kama milioni 9.6.

Mtu wa kuchaji kwa nidhamu na mtu wa kuchaji ovyo, wote wawili walikuwa na chembe ileile ndani. Sisemi watu waweke laptopu kwenye godoro, la hasha, matundu ya hewa yanazibika na joto la Tanga unalijua. Ninachosema ni kwamba kasoro ya kiwandani haitibiki kwa adabu ya mtumiaji. Inatibika kwa kusoma namba.

Mfano ninaoupenda kama fundi ni wa Lenovo mwaka 2018. Waliita laptopu zao za ThinkPad X1 Carbon toleo la tano, kama 78,000 kwa Marekani peke yake, na betri zenyewe hazikuwa na kosa lolote. Skrubu! Skrubu ambayo haikukazwa ingeweza kubaki inazunguka ndani, ikaibonyeza betri mpaka ikaiharibu. Tangu niliposoma habari hiyo nina kisahani cha sumaku mezani, na kijana wangu hafungi mashine ya mtu bila kunihesabia skrubu kwa sauti. Wateja wanaona tunacheza.

Lakini lililonikalia zaidi ni la Juni 2019. Apple waliita laptopu za inchi 15 zilizouzwa zaidi kati ya Septemba 2015 na Februari 2017. Kwa Marekani zilikuwa 432,000. Unajua walipokea taarifa ngapi za betri kupata moto kupita kiasi? 26. Watu watano waliungua kidogo, mmoja akavuta moshi. Taarifa 26 zikatosha kuziita mashine zaidi ya laki nne, kwa sababu kule kuna mtu anayeandika: jina, tarehe, namba. Mimi nyuma ya banda nina ndoo ya mchanga yenye betri 12 zilizovimba, za mwaka huu peke yake, na hakuna daftari lolote duniani zilimoandikwa isipokuwa langu la madeni. Kila fundi wa mji huu ana ndoo yake. Tukizijumlisha sote tungekuwa na taarifa zetu 26 kabla ya mfungo.

Agosti ya mwaka huohuo wa 2019 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ikayakumbusha mashirika ya ndege juu ya laptopu hizo za Apple, na mengine, Singapore Airlines mojawapo, yakawakataza abiria kupanda nazo. Sasa jiulize, mashine iliyokataliwa ndani ya ndege huishia wapi? Hununuliwa kwa bei ya chini, hupangwa kwenye kontena, na kontena haliulizwi lina namba zipi.

Maana hivi ndivyo laptopu zetu nyingi zinavyotufikia. Ofisi fulani Ulaya inanunua mashine 200 mpya. Baada ya miaka mitatu minne inazibwaga. Zinapita Dubai, zinafutwa vumbi, zinashushwa bandarini, zinapanda basi la mkoa, zinawekwa kwenye meza yenye kitambaa chekundu na bango la "used kama mpya". Kampuni inapotangaza mwito wa kurudisha, barua inakwenda kwa mwenye mali wa kwanza, yule ofisa wa Ulaya aliyejiandikisha. Yeye mashine hiyo hanayo. Binti wa Tanga ndiye anayelala nayo kando ya mto, na yeye hakuna anayemjua.

Mwaka 2018 HP walipoita betri kama 50,000 za Marekani, na mwaka uliofuata wakaongeza 78,500, walitoa pia programu ya kuifungia betri: inaisha chaji na haichaji tena mpaka ibadilishwe, mashine inaendelea kwa umeme wa ukutani tu. Ni jambo la busara sana. Ila mpe fundi asiye na habari laptopu ya namna hiyo. Atakwambia bodi imekufa, au atahangaika kuilazimisha ichaji. Sikatai, na mimi ningefanya hivyohivyo.

Na hapa niungame. Miaka ya nyuma, pakiti zikiwa bado za seli za duara, nilikuwa nabadilisha seli. Mteja hana hela ya betri mpya, nami nina kopo la seli za kuokoteza kutoka pakiti zilizokufa. Napima kwa multimita, nachagua zenye afya, nalehemu, nafunga gundi. Seli iliyolala miezi mingi bila chaji nilikuwa naiamsha kwa kuishtua kwa umeme. Wakati mwingine zilikaa mwaka mzima. Siku moja pakiti moja ikafuka moshi mikononi mwangu kabla mteja hajaja kuichukua, nikairusha nje mchangani kwenye mvua. Mke wangu akaniuliza kama ingefuka saa nane za usiku nyumbani kwa mteja ningemwambia nini. Lile kopo nilikwenda kulimwaga kwenye ndoo siku ileile. Kwa hiyo sijitoi kwenye lawama ninapoandika haya, na wapo wenzangu watakaosema fundi fulani amejifanya mtakatifu. Waseme.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Katika gazeti lako kila siku nasoma matangazo ya mtu aliyepoteza hati ya kiwanja au cheti cha kidato cha nne. Ni ya vidole vitatu hivi kwa ukubwa, na watu tunayasoma. Nipe nafasi ya ukubwa huo, mara moja kwa mwezi. Si mimi binafsi; mpe mwandishi wako yeyote. Aandike kwa Kiswahili: aina fulani ya laptopu, iliyouzwa kati ya mwaka fulani na fulani, betri yake imeitwa, namba utaikuta mahali fulani, ukiikuta, zima, usichaji, usiitoboe, mpelekee fundi aitoe. Matangazo hayo yapo, tume ile ya Marekani huyaweka wazi kwenye tovuti yake bila malipo, na kampuni huyaweka kwenye zao. Yako kwa Kiingereza, kwa maandishi madogo, na mtu hatafuti asichojua kama kipo.

Ukianza, mimi nitaukata ukurasa na kuubandika ukutani hapa kibandani, juu ya bei za kubadilisha vioo. Nitawaambia na wauza laptopu wa mtaani kwetu waandike namba ya betri kwenye risiti. Mmoja nimeshamwambia. Amecheka, lakini akaniuliza hiyo namba inakaa wapi.

Utauliza binti amepata betri yake ya bure? Niliwaandikia kampuni. Walijibu kwa heshima, siku ya tatu tu, kwamba twende kwa wakala wao aliye karibu. Wa karibu yuko nchi nyingine. Kuituma betri kwa ndege haiwezekani, betri iliyoharibika haipandi ndege, na hapo siwezi kuwalaumu. Nimewaandikia tena kuuliza kama wanaweza kuleta mpya bila kuipokea mbovu, nikaambatanisha picha ya kibandiko na ya ile ndoo.

Kwa sasa laptopu yake inafanya kazi bila betri, kwa waya wa chaja. Umeme ukikatika inazima na chochote ambacho hakuhifadhi kinakwenda. Ana ripoti ya mafunzo kwa vitendo ya kuwasilisha mwisho wa mwezi, na bwenini kwao umeme hautabiriki. Kwa hiyo huja kibandani jioni, nampisha kwenye kona penye soketi, karibu na jenereta ya jirani ambaye tunachangiana mafuta. Jana alifika ukurasa wa 31.

Jina langu nimekuandikia nyuma ya bahasha, naomba usilichape.

Wako,
Fundi laptopu,
Ngamiani, Tanga