Boila Lisilo na Mchochezi

Tusekile mwanangu,

Huku hatujambo. Mama yako anakusalimu, na magimbi yako yatapanda basi la Ijumaa.

Juzi kwenye simu uliniuliza kama ni kweli chini ya Mlima Ngozi kuna umeme, salio likakata. Umeme haupo. Kuna boila. Nami nimechochea boila la kiwanda cha chai miaka 19, kwa hiyo hapa nisikilize mimi, hata kama msomi wa uhandisi ni wewe.

Matawi mawili ya Bonde la Ufa yanakutana huku kwetu, na miamba ya chini bado ina joto la volkano. Mvua yetu, ambayo unaijua haina likizo, huzama kwenye nyufa ikapashwa huko. Maji mengine hurudi juu yenyewe, kama pale kwenye chemchemi ya Kilambo. Yale ni nyuzi 60 na kitu, yanatosha kunyonyolea kuku. Ukichimba kilomita 2 au 3 ukakuta maji ya nyuzi 200 na zaidi, mvuke wake unazungusha mtambo wa umeme, kisha maji yanarudishwa chini yapashwe upya. Hakuna kuni, wala hungoji Bwawa la Mtera lijae.

Hewa chafu kidogo ipo, wasikudanganye. Hutoka gesi yenye harufu ya yai viza, na hewa ya ukaa. Hiyo ya pili umeshainywa: ile ya Rungwe hupakiwa kwenye mitungi ikaenda kutia povu kwenye soda.

Wakenya walianza Olkaria mwaka 1981, na leo zaidi ya theluthi moja ya umeme wao inatoka ardhini. Kampuni yetu ya jotoardhi hapa Tanzania iliundwa 2013. Usiwacheke haraka kwa kuchelewa. Kisima kimoja kirefu ni mabilioni ya shilingi, na unaweza kufika chini ukakuta mwamba wa moto usio na maji. Nani atakurudishia hela?

Ila kinachoninyima usingizi si umeme. Ni yale magogo ya mikaratusi niliyoyatupia motoni usiku kucha, lori baada ya lori, ili majani ya chai yanyauke. Kukausha kunataka moto mkali, sawa. Lakini kunyausha kunataka hewa ya vuguvugu tu! Maji ya Kilambo yangeweza kuipasha hewa hiyo bila kuchimba kilomita hata moja, nayo leo yanatiririka bure hadi mtoni.

Basi muulize mwalimu wako: maji ya nyuzi 60 yakipita kwenye bomba lililofunikwa vizuri, yatasafiri kilomita ngapi kabla hayajapoa? Kutoka Kilambo hadi kiwandani ni kupanda mlima, usisahau kumwambia na hilo. Nijibu kabla hujaja Krismasi.

Baba yako